Meseji, namba za programu, arifa au ufunguo: hatua ya pili ipi kwa akaunti za mfumo wa wagonjwa?

Saa tisa usiku. Muuguzi amevaa glavu, mgonjwa wa kitanda cha tatu homa imepanda, na kompyuta ya kwenye kigari inamtaka aandike namba sita zilizotumwa kwenye simu yake. Simu yenyewe iko kabatini, ghorofa ya chini, maana wodini simu haziruhusiwi. Mwenzake wa zamu alishaingia kwenye mfumo tangu jioni na akaunti yake iko wazi kwenye kompyuta ya pembeni, hatua nne tu kutoka hapo. Asubuhi faili la mgonjwa litaonyesha kwamba dawa ilitolewa na mtu ambaye usiku kucha hakukikaribia kitanda hicho.

Kila ninapoulizwa "tuweke hatua ya pili ya aina gani kwenye mfumo wetu?", yaani uthibitisho wa ziada unaoombwa baada ya nenosiri, ninamfikiria muuguzi huyu kabla ya kumfikiria mwizi wa mtandaoni. Hatua ya pili hulinda pale tu ambapo anayeitumia hana sababu ya kuikwepa. Na kwa kuwa daktari aliyeko nyumbani, karani wa mapokezi, fundi wa seva na muuguzi wa usiku wanafanya kazi katika mazingira tofauti kabisa, mara nyingi jibu ni aina mbili au tatu ndani ya jengo moja.

Mnamo Februari 2024 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha madai ya malipo ya hospitali na maduka ya dawa. Walitumia jina na nenosiri la wizi kwenye lango la Citrix la kuingilia kwa mbali, na lango hilo halikuwa na hatua ya pili. Walikaa ndani siku tisa kabla ya kuifunga mifumo na kudai pesa. Andrew Witty, aliyekuwa akiongoza kampuni mama ya UnitedHealth Group, aliyaeleza hayo mbele ya Bunge la Marekani mwezi Mei mwaka huo, na akathibitisha kwamba walilipa dola milioni 22. Baadaye ilihesabiwa kuwa taarifa za watu wapatao milioni 190 ziliguswa.

Kadi ya benki ikiibwa inafungwa, unapewa nyingine. Majibu ya kipimo cha VVU, au maneno uliyomwambia mshauri wako wa saikolojia mlango ukiwa umefungwa, yakishatoka yametoka. Wafini wanalijua hili: mwaka 2020 wagonjwa wa kituo cha tiba ya saikolojia cha Vastaamo walianza kuandikiwa mmoja mmoja na mtu aliyekuwa na kumbukumbu za vikao vyao, akitaka alipwe asizianike. Kisa hicho kina funzo jingine ambalo ni vizuri lisemwe mapema. Hifadhidata ya Vastaamo ilikuwa imeachwa wazi kwenye intaneti, na akaunti yake kuu haikuwa hata na nenosiri. Hatua ya pili kwenye ukurasa wa kuingilia isingemzuia mtu aliyepitia huko. Tunachokilinganisha hapa ni kufuli la mlango wa watumiaji. Seva, nakala za akiba na hifadhidata zina milango yao na zinahitaji kufuli zao.

Vigezo tutakavyovitumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. Kwanza, inafanyaje ikikutana na mwizi, hasa yule mwenye ukurasa bandia unaofanana na wenu. Pili, inakaaje kwenye zamu: mikono, sekunde, mtandao, simu iliyoishiwa chaji. Tatu, kifaa kikipotea mtu anarudije kazini. Nne, gharama na kazi ya kuisimamia. Tano, inamfaa nani.

Kigezo cha kwanza kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndicho kinachozitenganisha njia hizi kuliko kingine chochote. Hadaa ya mtandaoni (phishing) ya siku hizi haiishii kwenye kukusanya manenosiri ya kutumia kesho. Mwizi anaweka ukurasa bandia unaokaa katikati: unaandika jina na nenosiri, ukurasa unavipeleka papo hapo kwenye mfumo wa kweli, mfumo wa kweli unaomba namba, ukurasa bandia nao unakuomba namba, unaandika, inapelekwa. Wewe unaona "jaribu tena baadaye". Yeye yuko ndani. Kwa hiyo namba yoyote ambayo mtu anaweza kuisoma na kuiandika, mtu huyo anaweza pia kulaghaiwa aiandike mahali pasipo.

Meseji ya simu

Mbele ya mwizi. Mengi yanasemwa dhidi ya meseji, na mengi ni kweli, lakini tuanze na haki yake. Google, pamoja na watafiti wa New York University na University of California San Diego, walitoa mwaka 2019 matokeo ya kuangalia mashambulizi dhidi ya akaunti za Google. Namba iliyotumwa kwa meseji ilizuia roboti zote za kujaribu manenosiri, asilimia 96 ya hadaa za jumla, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu fulani. Anayetoka kwenye nenosiri peke yake kwenda kwenye meseji amepiga hatua kubwa.

Hiyo robo iliyobaki ndiyo ya kuitazama. Mwizi anaweza kumlaghai wakala wa kampuni ya simu ahamishie namba yako kwenye laini nyingine, na kuanzia hapo meseji zako zinaingia kwake. Anaweza pia kuzinasa njiani. Mwaka 2018 mtandao wa kijamii wa Reddit ulieleza kwamba akaunti kadhaa za wafanyakazi wake, zote zikiwa na hatua ya pili ya meseji, zilivunjwa kwa njia ya meseji zilizonaswa. Mwaka mmoja kabla, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa imeziweka namba zinazopitia mtandao wa simu kwenye kundi la njia zenye masharti: anayezitumia ajue hatari yake na awe na njia mbadala ya kuwapa watumiaji.

Kwenye zamu. Kila mtu anaijua, hakuna mafunzo. Ila inahitaji mtandao wa simu, na majengo ya hospitali yana kuta nene na vyumba vya eksirei vyenye madini ya risasi ukutani. Meseji inayochelewa dakika tatu inafika namba ikiwa imeshakufa. Jambo jingine linalosahaulika: meseji huonekana hata kwenye kioo kilichofungwa. Simu ikilala juu ya kaunta ya mapokezi, aliyeketi jirani anaisoma bila kuigusa.

Ikipotea. Hapa meseji inang'ara. Mtu anarudishiwa laini yake na kampuni ya simu, namba ni ileile, kazi inaendelea. Ubaya ni kwamba urahisi huohuo ndio mwizi wa laini anautumia.

Gharama. Hakuna kifaa cha kununua, lakini kila meseji inalipiwa na mwenye mfumo, na watumiaji mia mbili wanaoingia mara tano kwa siku ni meseji elfu moja kila siku.

Inamfaa nani. Wagonjwa wanaoingia kuangalia majibu yao, hasa wasiopenda kusumbuliwa na programu mpya. Kwa wafanyakazi ningeikubali kama hatua ya mpito tu, nayo iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Namba za programu ya simu

Hizi ni zile namba sita zinazobadilika kila sekunde 30 ndani ya programu kama Google Authenticator, Microsoft Authenticator au Aegis. Utaratibu wake, uitwao TOTP, ulichapishwa kama kiwango cha wazi mwaka 2011, ndiyo maana programu ya kampuni moja inafanya kazi na mfumo wa kampuni nyingine. Siku ya kwanza mfumo unakuonyesha msimbo wa QR, ambao ndani yake mna siri. Simu inaihifadhi siri hiyo, seva inaihifadhi pia, na kila upande unaichanganya na saa yake kupata namba. Saa zikilingana, namba zinalingana.

Mbele ya mwizi. Wizi wa laini hauna maana tena, kwa kuwa hakuna kinachopita kwenye mtandao wa simu. Ukurasa bandia wa katikati bado unafanya kazi, maana sekunde 30 ni nyingi kwa kompyuta. Halafu kuna ile siri yenyewe: iko kwenye seva pia, na mwizi akiipata seva bila siri hizo kufichwa vizuri, amepata funguo za kila mtu.

Udhaifu ninaokutana nao zaidi ni wa kibinadamu. Siku ya kuunganisha akaunti, mtu anapiga picha ule msimbo wa QR "ili usipotee", picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la kitengo, na tangu siku hiyo watu wanane wana hatua ya pili ya daktari mmoja. Nimeona karatasi yenye msimbo kama huo imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wauguzi, imewekewa plastiki kabisa isichakae. Aliyeibandika alikuwa na nia njema kuliko sisi sote: alitaka wagonjwa wasisubiri.

Kwenye zamu. Simu haihitaji mtandao wowote, na hilo kwa jengo lenye mawimbi hafifu ni neema. Inahitaji mkono usio na glavu, simu yenye chaji, na macho ya kusoma namba ndogo zikiwa zimebaki sekunde saba. Kwa wasio na simu janja, au wodi zisizoruhusu simu, kuna vifaa vidogo vya kuning'iniza shingoni vinavyoonyesha namba hizohizo.

Kuna tatizo moja la saa ambalo limewahi kunipotezea asubuhi nzima, nalisimulia ili lisikupotezee yako. Kituo kilikuwa na seva yake ndani ya jengo, haijaunganishwa na intaneti. Jumatatu moja wafanyakazi wote walikataliwa kuingia, kila namba "si sahihi". Tulifuta programu, tukaunganisha upya, tukamlaumu aliyetuuzia. Mwisho mtu mmoja akatazama saa ya seva, akatazama ya ukutani: seva ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Mifumo mingi huvumilia tofauti ya nusu dakika hivi, si zaidi. Seva isiyo na intaneti lazima ipewe chanzo cha saa cha kuaminika, na mtu wa kuikagua.

Ikipotea. Simu mpya haina siri ya zamani, isipokuwa kama programu ina nakala ya akiba. Ndiyo maana siku ya kwanza mfumo hutoa misimbo ya akiba ya kutumika mara moja moja. Ichapishwe, iwekwe kwenye bahasha, ikae kwenye kabati lenye kufuli.

Gharama. Karibu hakuna, na programu nyingi za kumbukumbu za wagonjwa zinaikubali. OpenEMR, ambayo ni ya chanzo huria, inayo ndani yake.

Inamfaa nani. Kliniki ndogo, madaktari wenye ofisi zao, maabara, mapokezi. Ningelazimika kuchagua njia moja ya kuanzia kwa kituo kisicho na bajeti, ningeanza hapa.

Arifa ya "ni wewe?"

Mbele ya mwizi. Unaandika nenosiri, simu inatetemeka, unabonyeza "ndiyo". Katika ule utafiti wa 2019, njia hii ilizuia asilimia 99 ya hadaa za jumla na asilimia 90 ya mashambulizi ya kumlenga mtu. Kinachoiangusha ni uchovu. Mwezi Septemba 2022 mkandarasi wa Uber, ambaye nenosiri lake lilikuwa limeibwa, aliletewa maombi ya kukubali mara kwa mara. Aliyakataa, yakaja tena, mwishowe akakubali moja. Sasa hamishia jambo hilo kwa daktari aliyeko zamu saa ya kumi na nne, simu inatetemeka mfukoni anapomsikiliza mgonjwa mapafu. Atabonyeza chochote ili inyamaze.

Dawa yake ipo. Ukurasa wa kuingilia unaonyesha namba ya tarakimu mbili, na simu inakutaka uiandike badala ya kubonyeza tu. Aliyelala nyumbani haoni namba hiyo, kwa hiyo hawezi kumkubalia mwizi kwa bahati mbaya. Microsoft waliifanya kuwa lazima kwenye programu yao mwezi Mei 2023. Mfumo mnaoutazama kama una arifa bila namba hiyo, uchukulieni kuwa haujakamilika. Hata ukiwa nayo, ukurasa bandia wa katikati bado unaweza kumwonyesha mtumiaji namba ya kweli.

Kwenye zamu. Ni ya haraka kuliko zote za simu, mradi simu iko mkononi na ina intaneti. Intaneti ikikatika, kazi imesimama, isipokuwa programu ina namba za TOTP kama akiba.

Ikipotea. Msimamizi anaifuta simu ya zamani na kuunganisha mpya. Ni kazi ya dakika chache, na ndizo dakika ambazo tapeli wa simu anazitafuta, kama tutakavyoona.

Gharama. Kwa kawaida inakuja na huduma ya kulipia kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Kama taasisi tayari inalipia barua pepe na ofisi ya mtandaoni kutoka kampuni kubwa, huenda tayari mnayo.

Inamfaa nani. Madaktari bingwa, utawala, uhasibu, watu wenye simu ya kazi na mtandao wa uhakika.

Ufunguo wa usalama na ndugu zake

Ufunguo ni kijifaa kama flashi ndogo, unachochomeka kwenye USB au kugusisha simu, kisha unakigusa kwa kidole. Kinatumia viwango vya wazi vya muungano wa kampuni uitwao FIDO. Kile cha kwenye vivinjari, WebAuthn, kilipitishwa na shirika la W3C mwezi Machi 2019.

Mbele ya mwizi. Hapa hesabu inabadilika. Ufunguo unaposajiliwa unafungwa na anwani ya tovuti. Kivinjari kinauambia ufunguo kiko kwenye anwani gani, na kwenye anwani bandia, hata ikitofautiana kwa herufi moja, hakuna jibu litakalofaa kwenye mfumo wa kweli. Mtumiaji hahitaji kugundua kwamba amelaghaiwa. Mwaka 2022 wafanyakazi wasiopungua 76 wa Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, walipata meseji za hadaa kwa wakati mmoja, na watatu waliandika manenosiri yao kwenye ukurasa bandia. Mwizi hakuingia, maana kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo. Twilio, kampuni ya huduma za mawasiliano iliyoshambuliwa kwa namna hiyohiyo kipindi kilekile, ilivunjwa. Na katika utafiti wa 2019, waliotumia funguo pekee hakuna aliyenaswa na hadaa.

Kwenye zamu. Kugusa ni sekunde moja, hakuna namba ya kusoma, hakuna chaji wala mtandao wa simu. Lakini kabla ya kununua hamsini, nunueni viwili mkavijaribu. Funguo nyingi huhisi ngozi ya kidole, na glavu nene zinaweza kuzikataa. Idara ya kompyuta huenda imefunga tundu zote za USB kwa hofu ya flashi zenye virusi, ikafunga na funguo bila kujua. Tundu liko nyuma ya kompyuta chini ya meza? Hakuna muuguzi atakayepiga magoti mara kumi kwa zamu. Na kifaa kinachoguswa na mikono ya wodi kinahitaji kufutwa kama stethoskopu inavyofutwa. Aina isiyo na matundu wala kifuniko ni rahisi kusafisha.

Ndugu wa kwanza ni kadi ya kazi ya kugusisha, inayotumika pamoja na namba ya siri. Kwa wodi yenye kompyuta za pamoja sijaona kinachoishinda kwa wepesi: gusa, skrini yako inafunguka; gusa, inafungwa. Muulizeni anayewauzia swali moja: je, kadi ina chipu yenye siri isiyotoka, au inatangaza namba yake tu? Kadi za zamani za kufungulia milango ni za aina ya pili, na zinanakiliwa kwa kifaa rahisi sana.

Ndugu wa pili ni funguo za siri (passkeys) zinazokaa ndani ya simu au kompyuta, ambazo Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja mwaka 2022 kwamba watazieneza. Zina kinga ileile dhidi ya anwani bandia, na hazinunuliwi. Swali lake ni la umiliki. Nyingi husafiri kwenye akaunti binafsi ya mtumiaji kutoka simu moja hadi nyingine, hivyo mfanyakazi akiondoka anaondoka nayo, na ni wajibu wenu kuifuta upande wa mfumo siku hiyohiyo. Kwenye kompyuta ambayo wodi nzima inaingia kwa jina moja la Windows, funguo hizi haziwekwi kabisa.

Ikipotea. Kila mtu awe na ufunguo wa pili uliosajiliwa siku ileile na kufungiwa kabatini. Bila huo wa pili mtarudi kwenye meseji kimyakimya, na pesa mliyotumia imepotea.

Gharama. Ni kubwa kuliko zote siku ya kwanza, mara mbili kwa kila mtu, na si kila programu inazikubali. Kabla ya kununua, ombeni muuzaji awaonyeshe kwa vitendo, kipeperushi hakitoshi.

Inamfaa nani. Kila mwenye akaunti inayoweza kufungua akaunti za wengine. Pia watu wanaoingia kutoka nje ya jengo.

Mlango wa nyuma

Mnaweza kununua funguo bora duniani na mwizi akapita kwa kupiga simu. Mwezi Aprili 2024 wizara ya afya ya Marekani ilizionya hospitali kuhusu watu waliokuwa wakipigia madawati ya msaada wa kompyuta wakijifanya wafanyakazi wa idara ya fedha. Walikuwa na taarifa za kweli za mfanyakazi waliyemwiga, wakasema simu imeharibika, wakaomba simu mpya iunganishwe. Ilipounganishwa, hatua ya pili ikawa ya mwizi.

Kwa hiyo ulinganisho wowote wa njia hizi una safu ya siri isiyoandikwa kwenye jedwali la muuzaji: nani ana mamlaka ya kumfungulia aliyepoteza kifaa, na anamtambuaje? Mimi napendekeza aje mwenyewe na kitambulisho cha kazi, au msimamizi wake wa karibu apigiwe kwa namba iliyoko kwenye orodha ya ndani, kamwe si namba aliyoitaja mpigaji.

Pia pawe na akaunti ya dharura kwa siku ambayo mfumo wa hatua ya pili wenyewe umelala na mgonjwa hawezi kusubiri. Nenosiri lake refu liko kwenye bahasha iliyopigwa muhuri. Bahasha ikifunguliwa, ujumbe unakwenda kwa wakubwa wawili papo hapo, kesho yake kila faili lililofunguliwa linapitiwa, na nenosiri linabadilishwa.

Kulingana na hali yako

Kliniki ya watu watano, programu ya kukodi inayopatikana kwa intaneti: namba za programu kwa wote, funguo mbili kwa mwenye akaunti kuu. Misimbo ya akiba kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, ambalo tayari lina kufuli na daftari la kusaini.

Wodi zenye kompyuta za pamoja: kadi ya kugusisha pamoja na namba ya siri. Hatua kamili iombwe mwanzo wa zamu, kisha kugusa tu kunatosha hadi zamu iishe, skrini ikijifunga baada ya dakika chache. Kuomba namba sita kila baada ya dakika kumi ni kuwaalika watu waachiane akaunti.

Wanaoingia kutoka nyumbani au safarini: ufunguo, au ufunguo wa siri wa kwenye simu ya kazi. Ikishindikana, arifa yenye tarakimu mbili. Hakikisheni njia ya meseji imezimwa kabisa kwenye akaunti hizi, maana mwizi huchagua njia dhaifu iliyobaki wazi.

Wasimamizi wa mfumo, watunza nakala za akiba, na fundi wa kampuni iliyowauzia programu: ufunguo, bila kumwondoa yeyote. Fundi wa nje ndiye husahaulika.

Wanaoandika dawa zenye udhibiti mkali: hatua ya pili iombwe wakati wa kusaini cheti cha dawa, hata kama mtu alishaingia asubuhi. Marekani wanalidai hili kisheria kwa dawa hizo zinapoandikwa kielektroniki, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2010.

Wahudumu wanaozunguka vijijini na tableti zisizo na mtandao: fahamuni kwamba tableti iliyo nje ya mtandao haiwezi kuiuliza seva chochote, kwa hiyo hatua ya pili inafanya kazi tu wakati wa kuunganisha data. Kinachomlinda mgonjwa njiani ni kufuli la skrini, data iliyosimbwa ndani ya kifaa, na uwezo wa kukifuta kwa mbali. Kwa kuunganisha, namba za programu zinatosha.

Wagonjwa wenyewe: wapeni meseji kama mwanzo na njia imara zaidi kwa anayetaka. Waulizeni kama simu ni yao peke yao. Pale ambapo mume na mke au mzazi na kijana wanatumia simu moja, meseji inayotaja jina la kliniki inaweza kufichua siri ambayo mfumo mzima ulijengwa kuilinda. Andikeni namba tupu, bila jina la kitengo.

Na ambao bado mnasita kati ya mbili: chukueni vifaa vichache vya kila aina, wapeni watu wa zamu ya usiku kwa wiki moja, kisha someni kumbukumbu za mfumo. Tafuteni mahali ambapo akaunti moja ilitumika kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja, au pale dawa ilipoandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa ameshatoka zamu. Njia iliyoacha alama chache za namna hiyo ndiyo ya kununua kwa wodi ile.